Ubao wa Mwisho Bado Haujakatwa

Ndago, Iramba,
kwa njia ya Posta ya Singida,
17 Januari 1954

Mpendwa Mjomba Simeoni,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza wewe, kisha Mama Alphonce, kisha watoto wote mpaka yule mdogo ambaye sijamwona. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wima. Je, kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekuachia? Mama anasema ukitafuna tangawizi asubuhi kabla ya kwenda kwenye mashine utapata nafuu. Ananiambia nikuandikie hivyo kila mara, nami kila mara nasahau. Leo nimeanza na hilo ili lisipotee katikati ya mengine.

Sisi huku tunapumua. Mvua zilichelewa, watu wakaanza kunong'ona kuwa tutakula mizizi, lakini zilipokuja zilikuja kwelikweli. Mtama umefika magotini na tunapalilia. Yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, wote majike. Mguu wa Baba, ule ulioumia vitani kule Bama, unamsumbua kila mawingu yakifunga.

Mjomba, nimekaa na karatasi hii muda mrefu bila kuandika kitu. Kwanza nilitaka kukuandikia kwa Kiingereza, ili ikianguka mikononi mwa Baba asijue kilichomo. Nikaandika hata mistari miwili. Halafu nikakumbuka kuwa nawe hukukisoma, na ungelazimika kumpa karani wa shamba akusomee. Haya si mambo ya karani. Kwa hiyo naandika kwa Kiswahili, na Mwalimu Esta ameahidi kuipeleka posta kwa mkono wake mwenyewe akienda Singida. Unanijua nilivyo. Mbele ya watu wazima ulimi wangu unakuwa kama umefungwa kamba. Hata kuomba chumvi kwa jirani hutumwa mdogo wangu. Lakini kwenye karatasi hakuna anayenitazama, basi nitasema yote.

Nianze na nyumba. Bila shaka umesikia kuwa Baba amemaliza ile nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati. Ni nzuri, siwezi kudanganya. Ila kilichowafanya watu watoke Urughu na Kisiriri kuja kuiona si bati. Ni sakafu ya chumba cha mbele. Baba ameweka sakafu ya mbao, mninga mtupu, ukuta hadi ukuta.

Unakumbuka ile hadithi yake ya hospitali ya askari, alipolala miezi juu ya sakafu ya mbao, na baridi haikumpanda mguuni hata mara moja. Tangu arudi vitani amekuwa akisema kuwa kabla hajafa atakanyaga mbao ndani ya nyumba yake. Mama naye alilitamani jambo hilo, kwa kuwa mgongo wake haumruhusu tena kuinama na kupaka sakafu samadi kila Jumamosi. Kazi hiyo nimekuwa nikiifanya mimi. Kwa hiyo niliposikia kuwa mbao zinakuja, nilifurahi kuliko wote. Nakiri hivyo mapema, kwa sababu furaha ile ndiyo inayoniuma sasa.

Baba alisema mbao amezipata kwa Bwana Chrispin wa Manyoni, mtu mwenye shimo la kupasulia magogo kule porini upande wa Itigi. Tulipouliza amezipataje, alisema amekubaliana naye kwa ng'ombe. Sikuuliza zaidi. Ng'ombe wetu waliendelea kulala zizini wote kama kawaida, kila jioni nikiwafungia lango mimi mwenyewe, wala sikujiuliza ni ng'ombe gani basi waliokwenda Manyoni. Nimesoma mpaka darasa la nane, Mjomba, na jambo hilo lilinipita mbele ya macho.

Mwezi wa tisa, nilipokuwa likizo, Baba alituambia kuwa watu wa mbao wanakuja kukiona chumba. Akawa na haraka ambayo hatukuizoea. Kuta zilikuwa hazijapigwa lipu, chini palikuwa na maboriti matupu juu ya mawe. Akamwita Fundi Bonaventura apigilie zile mbao nyembamba zinazozunguka chini ya ukuta. Fundi huziita pindo la ukuta, kama pindo la gauni. Fundi alikataa. Alisema katika kazi hii sakafu hutangulia na pindo hufuata, kama mtu anavyovaa shati kabla ya koti. Baba akasema wageni hawezi kuwaonyesha ukuta uliokaa uchi. Fundi akasema basi aliinue kidogo, mbao za sakafu zije zipite chini yake. Baba akakataa hilo pia, alitaka lishuke mpaka kwenye maboriti pasionekane mwanya. Fundi akapigilia huku akinung'unika, lipu ikashushwa juu yake, chokaa ikapakwa, na chumba kikapendeza ingawa hakikuwa na chini.

Wageni walikuja, Bwana Chrispin na wazee watatu. Kwa kuwa hapakuwa na pa kukanyaga, walisimama mlangoni wakachungulia, kisha wakakaa uani. Mimi ndiye niliyewanawisha mikono na kuwapelekea kuku na asali. Mzee mmoja alikiangalia chumba kidogo tu. Muda uliobaki aliniangalia mimi, hata nikamwagia maji kwenye viatu vyake kwa haya. Bwana Chrispin ni mtu mpole, mwenye mvi za kuanza, mkewe alifariki mwaka juzi. Aliniuliza niko darasa la ngapi. Nikajibu la nane. Akatikisa kichwa akasema, "Basi imetosha."

Nilidhani ananisifu. Nilirudi jikoni nikitabasamu, nikamwambia Mama kuwa yule mgeni anaheshimu elimu. Mama alikuwa akipuliza moto, hakunijibu. Nilidhani ni moshi.

Mbao zililetwa mwezi wa kumi na moja, shule ilipofungwa, kwa lori la Ramadhan wa Singida mjini. Zilinukia, Mjomba. Nyumba nzima ilinukia kama msitu. Baba alizihesabu, akatenga sita zilizonyooka kuliko zote, akaziweka kwenye ghala la nafaka juu ya mawe, mchwa wasizifikie. Nikamwuliza hizo za nini. Akasema ni akiba.

Kazi ya kuweka sakafu tuliifanya nyumba nzima. Fundi alipiga randa na kuchonga, kila ubao ukiwa na ulimi upande mmoja na mtaro upande wa pili, ulimi wa huu ukiingia kwenye mtaro wa ule. Mimi nilishikilia ncha, Mama alipaka maboriti oili chafu. Shangazi Selina alikuja kutoka kwake akakaa kwenye kigoda kutoa maoni. Unamjua Shangazi, akikaa karibu na kazi huchoka mdomo.

Jambo moja lilimshangaza fundi. Baba hakutaka ubao wowote ukatwe. Kwa urefu hapakuwa na shida, kwa kuwa zilikuwa fupi kidogo kuliko chumba, zikaacha nafasi pande zote mbili. Fundi alitaka kupigilia misumari mingi, Baba akataka michache. Shangazi akacheka kutoka kwenye kigoda chake akasema, "Muache apigilie. Ng'ombe akitobolewa sikio ni ng'ombe bado. Akikatwa mguu ndipo anakuwa nyama." Fundi alicheka, Baba alicheka. Nami nilicheka, nikidhani ni maneno tu ya Shangazi.

Tukafika ubao wa mwisho. Haukuingia. Lile pindo la ukuta, lililotangulia kupigiliwa, lilikuwa limekula nafasi kila upande, na pengo lililobaki lilikuwa jembamba kuliko ubao kwa unene wa kidole. Fundi akaeleza bila hasira. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kung'oa pindo, lakini lipu itabomoka na chokaa yote ya Baba itakwenda nayo. Ya pili, kuuchana ubao wa mwisho kwa urefu, uingie na kuacha nafasi ya kidole kando ya pindo, kisha afunike nafasi hiyo kwa ufito mwembamba, na hakuna atakayejua. Akasema nafasi hiyo ni ya lazima. Mbao zimekauka kwa jua la Novemba, mvua ikija zitakunywa unyevu na kunenepa, na zisipokuwa na pa kwenda zitakwenda juu.

Baba alisema maneno mawili. "Ubao haukatwi."

Fundi akauliza ni kwa nini. Baba akasema ni mninga mzuri, ni dhambi kuuharibu. Hoja ile haikuwa na kichwa wala miguu, hata mimi niliona, lakini ni Baba. Fundi akakuna kichwa. Akazisimamisha mbao mbili za mwisho zikiegemeana kama paa, kingo zao zikiwa zimebana kwenye pindo, akatuambia tuzikanyage zishuke.

Mjomba, hapo ndipo nilipo kila nikifumba macho. Baba alinishika mkono. Tangu niwe msichana mkubwa hajanishika mkono. Alimshika Mama kwa mkono mwingine, Shangazi akaacha kigoda chake, na sote tukapanda juu ya kale kapaa ka mninga tukaruka kwa pamoja. Hakakushuka. Tukaruka tena. Mama alikuwa anacheka mpaka machozi, kitambaa kikamdondoka kichwani. Mara ya mwisho mbao zilipiga kelele kama bunduki zikashuka, sakafu ikawa sawa kama meza, nasi tukabaki tumeshikana, tunahema. Sikumbuki siku nyingine ambayo nyumba yetu ilikuwa na furaha namna ile.

Halafu nikaipaka nta. Nilichemsha nta ya nyuki na mafuta, nikasugua kwa magoti kuanzia mlangoni hadi dirishani, nikiimba. Hakuna aliyenituma. Nakuambia wewe peke yako kuwa, watu walipokuwa shambani, nilivua viatu nikacheza peke yangu humo ndani, mimi ambaye hata kwaya nasimama mstari wa nyuma.

Krismasi ilikuta sakafu inang'aa. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Marko naye alikuja, yule kijana wa jirani yetu ambaye mnafanya naye kazi huko kwenye mkonge, amerudi likizo. Nilipompita na sinia alisema kwa sauti, wenzake wasikie, "Dorika siku hizi anatembea juu ya ng'ombe." Walicheka sana. Nilitabasamu nikatazama chini, kama ninavyofanya nisipoelewa utani.

Mvua ilianza juma lile lile. Hazikupita siku nyingi, nikifagia, nikahisi ufagio unapanda na kushuka. Katikati ya chumba mbao zilikuwa zimeinuka kidogo, kama mtu amelala chini yake. Kila mvua ikinyesha ule mgongo uliongezeka. Lile pindo la ukuta nalo likaanza kusukumwa, lipu ikapasuka, na chokaa ikadondoka vipandevipande. Baba aliukanyaga mgongo ule kwa mguu wake mbovu, akajaribu kuurudisha, ukakataa.

Wakati huo huo Mwalimu Esta alikuja nyumbani na habari. Nimechaguliwa, Mjomba. Jina langu limo kati ya wasichana wanaokwenda chuo cha ualimu, na kinafunguliwa mwezi wa tatu. Mwalimu alikuwa anatetemeka kwa furaha kuliko mimi. Baba alisema, "Vizuri," akaendelea kuitazama sakafu. Nilimhurumia. Nilidhani sakafu ndiyo iliyomnyima furaha.

Fundi aliitwa Jumatatu iliyopita. Alikuja na msumeno wake begani, akautazama ule mgongo bila kusema, "Nilikuambia." Akasema ni kazi ya asubuhi moja, ang'oe ubao wa mwisho, auchane, aurudishe, aweke ufito. Baba akasema asubiri. Fundi akauliza asubiri nini, mpaka ukuta uanguke? Baba akasema ubao haukatwi sasa, utakatwa baadaye. Fundi akaangua kicheko. "Kefa, wewe ulipigana Bama, leo unaogopa msumeno?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Shangazi Selina alikuwa amekaa na mgongo wake kwangu, hakuniona. Akamjibu fundi badala ya Baba.

"Haogopi msumeno. Anaogopa kurudisha. Mahari ya watu huichinji kabla binti hajatoka nyumbani."

Fundi ndiye aliyeniona kwanza. Uso wake ukabadilika. Halafu Mama akageuka, halafu Baba. Niliweka birika chini, juu ya sakafu, pale pale juu ya ule mgongo, likainama upande na chai ikamwagika juu ya nta yangu. Nikatoka nje.

Kwa hiyo sasa najua kile ambacho, kumbe, hata vijana wa Krismasi walikijua. Kule Manyoni porini inzi wa ndorobo wanaua ng'ombe, Bwana Chrispin hana zizi, ana mbao. Wakakubaliana mbao zisimame badala ya ng'ombe. Wale wazee wa mwezi wa tisa walikuja kwa ajili yangu, nami niliwanawisha. Pindo la ukuta lilipigiliwa mapema ili niposwe mbele ya nyumba iliyopendeza. Misumari michache, ubao usikatwe, ni kwa sababu mambo yakivunjika mahari hurudi ilivyokuja, nzima. Sakafu niliyoipaka nta kwa magoti ni mimi mwenyewe, Mjomba. Nilirukaruka juu ya mahari yangu nikiwa nimeshikwa mkono na Baba.

Sijui kama utanielewa nikisema kuwa ndoa yenyewe siyo inayonichoma zaidi. Wasichana wa rika langu wameolewa, wengine wana watoto. Bwana Chrispin si mtu mbaya, angeniuliza ningeweza hata kumjibu kwa adabu. Kinachonichoma ni kule kucheka. Walikuwa wanacheka wote pamoja nami na kila mmoja wao anajua. Usiku ule Baba alipokuwa ananiita nikale, alinong'oneza jina langu kama mtu anayeita kuku anayetaka kumkamata.

Kesho yake aliniita chumba cha mbele akanisemesha. Hakunigombeza. Alisema amefanya hivyo kwa ajili ya heri yangu, kwamba mtu yule atanitunza, kwamba msichana akisoma sana hupotea. Nikabaki nimeinamisha kichwa. Mwisho akasema jambo ambalo ndilo limenifanya nikuandikie. Alisema, "Na mjomba wako amekubali. Marko ameleta neno lake. Fungu lake liko ghalani."

Zile mbao sita, Mjomba. Zilizonyooka kuliko zote. Ni zako.

Nilikwenda kwa Marko. Fikiria, mimi, kwa miguu yangu mwenyewe, mpaka mlangoni kwao. Alikuwa anapaka baiskeli mafuta. Nilimwuliza kama kweli ulimpa neno la kuleta. Hakuinua macho. Alisema mambo ya wakubwa waulizwe wakubwa, yeye ni wa kutumwa tu. Nikamwuliza alitumwa na nani, na wewe au na Baba. Akazungusha pedali, akazungusha tena. Sikupata zaidi.

Nikamwuliza Mama shambani, tukiwa tunapalilia mistari miwili iliyo jirani. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akapalilia mpaka karibu na mwisho wa mstari ndipo akasema, "Ungefanya nini?" Mjomba, nimeyapima maneno hayo mara nyingi. Nadhani yananiuma kuliko ya Shangazi, kwa sababu Shangazi hakujua kuwa nipo. Lakini tulipogeuka kuanza mstari mwingine, Mama alisema tena bila kuniangalia: "Simeoni ni ndugu yangu wa tumbo moja. Neno lake mimi sijalisikia kwa mdomo wake." Jioni nilikuta amenitengea bahasha chini ya mto.

Sasa nifike kwenye shina la barua hii.

Kwetu binti haendi bila neno la mjomba. Baba anaweza kula kuku na wageni mpaka wachoke, lakini mjomba akisema hapana, mahari inapakiwa ilivyokuja. Ndiyo maana nakuuliza. Je, ulijua? Wewe uliyenipakia kwenye baiskeli siku ya kwanza ya shule, nikiwa nimekushika kiuno na kulia njia nzima, ukaniambia nisome mpaka wanaonicheka wachoke, je, ulisema ndiyo?

Nimelifikiri jambo hili pande zote mbili. Upande mmoja kuna zile mbao sita ghalani. Kila nikienda kuchota uwele naziona, na siku hizo nakuchukia, nisamehe. Upande mwingine kuna ubao wa mwisho. Nyumba ya Baba inaharibika mbele ya macho yake. Lipu inadondoka, mlango wa chumba cha mbele haufungi tena kwa sababu mgongo umeufikia, mchungaji alijikwaa juzi nusura aanguke. Nyumba aliyoiota tangu Bama. Na msumeno wa fundi ameuacha hapa hapa, umetundikwa ukutani. Ni kazi ya asubuhi moja. Kama kweli umetoa neno lako, Mjomba, Baba anasubiri nini?

Nikifika hapo napata nguvu. Najiambia kuwa Baba mwenyewe hana hakika. Najiambia kuwa Marko aliondoka huko na maneno mengine kabisa, au bila neno lolote, na kuwa Baba anajua hivyo, au anaogopa hivyo. Ndiyo maana mimi niliyeipenda sakafu ile kuliko wote, siku hizi naamka asubuhi na kwenda kwanza kuangalia kama bado imeinuka. Ikiwa imeinuka, nashukuru. Nasikia mvua usiku juu ya bati na kuomba izidi. Sijawahi kumwambia mtu dua mbaya kama hiyo.

Watu wa Manyoni wanakuja baada ya kupalilia. Tumebakiza shamba la kule bondeni tu, na Baba ameniambia niharakishe.

Sikuombi ugombane na Baba. Sikuombi hata uje, najua mkataba wa mkonge haukuachii. Nakuomba kitu kimoja, mwandikie yeye, si mimi, useme kwa mkono wako kama mbao zile sita unazipokea au unazikataa. Ukizipokea, nitakwenda Manyoni na sitakuandikia tena barua ya namna hii, wala sitakulaumu mbele za watu. Ukizikataa, fundi atang'oa sakafu yote msumari kwa msumari, na mimi nitamsaidia kuipakia kwenye lori la Ramadhan, kisha nitapaka chumba kile samadi kila Jumamosi mpaka mwezi wa tatu ufike. Ila usinyamaze. Nimezungukwa na watu walionyamaza.

Nisalimie Mama Alphonce, na Alphonce mwenyewe, mwambie pacha mmoja wa mbuzi ni wake. Wasalimie wote wa huko wanaotujua. Mama anakusalimu. Shangazi Selina pia anakusalimu. Tangu siku ile ya birika amekuwa ananiletea karanga za kukaanga kila akija, nami nazila bila kumwangalia. Marko atarudi kazini mwisho wa mwezi. Akikufikia kabla ya jibu lako kuondoka, mwulize mbele ya watu ni neno gani aliloleta Ndago, kisha mtazame kama atainua macho.

Mungu akulinde na mashine ile, akuponye kifua, na akupe ulimi mwepesi kuliko wa mpwa wako. Leo Jumapili mvua imenyesha tangu alfajiri. Nimetoka kuangalia sasa hivi. Msumeno bado uko ukutani.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, nikupendaye hata kabla sijajua jibu,

Dorika Kefa